Chakula Kisicholisha

Mniwie radhi. Jambo ninalolitaja si la kupendeza masikioni. Lakini watesaji hutegemea sana haya zetu.

Mwezi Desemba 2014, Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilitoa muhtasari wa ripoti yake juu ya mahojiano ya CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo. Humo imeandikwa kwamba wafungwa wasiopungua watano walitiwa maji au chakula kwa njia ya haja kubwa, pasipo uhitaji wa kitabibu uliowekwa katika kumbukumbu. Mmoja wao alisagiwa chakula chake cha mchana, tambi, mchuzi, njugu na zabibu kavu, na rojo hiyo ikaingizwa mwilini mwake kwa mpira. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais, alijibu kuwa hayo yalifanyika kwa sababu za kitabibu.

Tuipime kauli hiyo. Rais James Garfield alipopigwa risasi Julai 1881, madaktari wake walimlisha kwa njia hiyo hiyo: supu nzito ya nyama ya ng'ombe, mayai, na pombe kali kidogo. Alizidi kukonda, akafariki Septemba. Kilichomuua ni jeraha lililoingia usaha, lakini mlo ule haukumtia nguvu. Madaktari hao siwalaumu sana kwa hilo, maana dripu ya chakula haikuwapo, nao walimtaka apone.

Leo sababu inajulikana. Nyama, mafuta na wanga huvunjwavunjwa na vimeng'enya, hasa vya kongosho, na virutubisho hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Utumbo mpana hufyonza zaidi maji na chumvi. Basi maji ya chumvi yakitiwa humo yaweza kumfaa mgonjwa aliyekaukiwa, pasipo na njia nyingine. Tambi zilizosagwa huchacha tu na kutoka, na mpira waweza kuujeruhi utumbo.

Ripoti yenyewe yaeleza kwamba mkuu wa mahojiano aliuona utiaji maji huo kuwa ishara ya mamlaka kamili ya mhoji juu ya mfungwa. Sasa mgonjwa yuko wapi hapo?

Chama cha Madaktari Duniani kilikwisha kutamka mjini Tokyo, mwaka 1975, kwamba daktari asishiriki mateso kwa namna yoyote. Tamko hilo lilikuwapo miaka mingi kabla chakula kile hakijasagwa.