Kuku wa Boma wafunguliwe saa kumi

Wafugaji wa kuku wa kienyeji hapa Bomang'ombe hulalamikia bei ya pumba na mashudu, ilhali kuku wao hushinda bandani kutwa. Kwa maoni yetu, hiyo ni hasara ya kujitakia. Kuku wengi hutaga asubuhi. Ukiwafungulia saa kumi jioni, mayai yameshaokotwa. Watachakura wadudu na majani kwa saa mbili, na giza likiingia watarudi wenyewe. Chakula cha kununua hakitakwisha, bali kitapungua.

Wapo wanaohofia mdondo. Ni kweli hauna tiba, nao huweza kufagia banda zima kwa siku chache. Lakini banda si kinga: ugonjwa huingia hata kwa viatu vya mgeni au kuku mpya kutoka sokoni. Kinga ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Jirani mwenye bustani naye ana haki. Miche ikiwa michanga, zungushia wavu.

Mnunuzi hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji akitafuta ladha ya kuku aliyetembea. Tusimuuzie jina tu.