Uso wa Kuazima

Katika msikiti wetu hapa Mfaranyaki yuko muumini mwenye usonji. Tangu utotoni amejizoeza kuwatazama watu machoni, kucheka wanapocheka na kushika kila mkono. Tulimsifu kwa ukunjufu. Kumbe kila Ijumaa hurudi nyumbani hoi, akajifungia gizani, na Alasiri akaisali peke yake. Usonji mtu huzaliwa nao, si pepo, wala hauishi utu uzimani. Hufichwa tu, na kuficha huko huchosha.

Kuitikia salamu ni wajibu. Kupeana mikono si wajibu. Nikamwambia: "Ndugu yangu, kaa mbali na spika, itikia kwa ulimi, uondoke."

Ijumaa iliyopita aliondoka mapema. Wazee wawili wakaniuliza amekasirikia nini. Nikawaeleza, kwa idhini yake.