Kabla ya Janga Lijalo, Tumtunze Anayetuhudumia

Ndugu zangu wa Eastlands, nanyi wakuu wa Kaunti ya Nairobi, na waajiri ambao kila asubuhi hufunguliwa milango na mikono ya watu wa mitaa hii: maradhi ya kuambukiza hayajatuaga. Korona haijasahaulika, kipindupindu kilirudi Kenya mwishoni mwa 2022, na Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox akatangazwa Taita Taveta. Janga jingine litakuja. Nawasihi tujiandae sasa tukiwa wazima, na maandalizi hayo yaanzie kwa mtu ambaye mipango mikubwa humkumbuka mwisho, yaani mfanyakazi anayeuendesha mji.

Mtu huyo tunamjua. Ni muuguzi wa hospitali ya Mama Lucy anayeishi Umoja. Ni mzoaji taka wa Dandora, dereva wa matatu wa Kayole, bawabu wa Huruma, kibarua wa kiwanda cha unga, na mama mboga anayewahi soko la Marikiti kabla ya jua kuchomoza. Waliojenga mitaa yetu walielewa zamani kwamba mji humtegemea mfanyakazi. Reli iliwajengea wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni, nayo halmashauri ya jiji ikajenga Kaloleni, Maringo na Jericho. Vyumba vilikuwa finyu, wala si huruma iliyowasukuma. Walijua tu kwamba garimoshi haliondoki ikiwa fundi wake hana pa kulala.

Mwaka 2020 tuliisahau hekima hiyo. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba wanane, na nauli ikapanda. Watoa huduma muhimu waliruhusiwa kutembea usiku, lakini ruhusa haina magurudumu. Waliotoka kazini jioni walirundikana vituoni, bega kwa bega, katika msongamano uleule ambao sheria ilikusudia kuuzuia. Aliyekosa gari alitembea, roho mkononi, akiliogopa rungu la polisi kuliko maradhi. Na tarehe 30 Machi, pale Kiamaiko, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya kwao alipigwa risasi na kufa, polisi wakiwa katika shughuli ya kafyu. Hatua iliyowekwa kulinda uhai iliuondoa uhai, na tusilitaje jambo hilo kwa kunong'ona.

Haikuishia hapo. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya wakazi wa Kariobangi, katika ardhi iliyodaiwa na kampuni ya maji ya jiji, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia. Wananchi waliokuwa wakihimizwa kukaa nyumbani wakaachwa bila nyumba, kwenye mvua. Hata hilo si jipya: tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, watawala wa kikoloni walilichoma soko la Wahindi. Zaidi ya karne imepita na bado mkono wa kwanza unaonyooshwa kwa maskini wakati wa maradhi ni mkono wa nguvu.

Hata hivyo, mwaka huohuo ulitupa pia mfano wa kuigwa. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea taaluma ya uzazi, aliona kwamba tangu kafyu ianze kina mama waliokuja kujifungua usiku walikuwa wamepungua. Hakungoja kamati iundwe. Alijitolea kuwasafirisha, na wito wake ukazaa huduma ya Wheels for Life: mama mja mzito alipiga 1195 bila malipo, akazungumza na daktari, na ikihitajika akatumiwa teksi au ambulensi. Serikali, mashirika na kampuni za usafiri zilishirikiana. Yote yalitokana na swali moja: mama huyu atafikaje hospitalini? Laiti swali hilo lingeulizwa kuhusu kila mfanyakazi na kila huduma kabla ya amri kutolewa.

Basi natoa nasaha nne.

Kwanza, usafiri. Kaunti, waajiri na vyama vya matatu wakubaliane mapema ni magari gani yatawabeba wauguzi, wazoaji taka na watu wa viwandani, kutoka Kayole, Dandora na Mathare, usiku na mchana, na polisi wayajue magari hayo. Viwanda navyo visiwatoe watu wote kwa wakati mmoja.

Pili, malipo ya siku za ugonjwa. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kila mwaka. Lakini kibarua anayeandikwa langoni asubuhi na kulipwa jioni hazionji siku hizo. Mwenye njaa hana miiko: akishikwa na homa ataificha, atameza dawa ya maumivu, ataingia kazini na kuwaambukiza wenzake kumi. Mwajiri aliyeogopa kulipa siku chache za mtu mmoja atalipia kufungwa kwa kiwanda kizima. Hapa haki na faida zinatembea pamoja, na asiyeliona hilo hajui hesabu ya biashara yake.

Tatu, maji. Tuliambiwa tunawe mikono, huku mabomba ya mitaa mingi yakitoa maji kwa zamu na watu wakinunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Visima vilichimbwa wakati ule, na tunashukuru. Lakini pampu isiyo na fundi wala fedha za umeme ni chuma kitupu. Kila kisima kiwe na mtunzaji anayelipwa na kamati ya wakazi inayoweza kumhoji.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii. Walibisha milango yetu wakati wengine walijifungia, wengi wao bila mshahara. Tangu 2023 kuna sheria inayowatambua, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali ya kitaifa na kaunti zinagawana. Posho hiyo ilipwe kwa wakati. Kuwapigia makofi kisha kuwanyima haki yao ni kuwapa asante ya punda.

Najua mtu ataniuliza fedha zitatoka wapi. Katiba imeikabidhi kaunti zahanati, taka, masoko na maji, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kuanzisha Mfuko wa Dharura. Mlango umefunguliwa na sheria. Kilichobaki ni nia. Nayo gharama ya kukodi matatu chache za zamu ya usiku si kitu mbele ya hospitali iliyokosa wauguzi kwa sababu hawakupata njia ya kufika.

Mwisho, nawageukia ninyi wakazi, kwa maana serikali husikia sauti inayorudiwa. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kila mwaka kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nendeni katika vikao vya wadi, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi. Mwulizeni mwakilishi wenu: janga likiingia kesho, muuguzi wetu atapanda gari gani, kibarua wetu atakula nini akiugua, na kisima chetu anakitunza nani? Asipokuwa na jibu, mpeni kazi ya kulitafuta, na mwaka unaofuata mrudi kumwuliza tena. Vyama vya wafanyakazi viandike masharti hayo katika mikataba, na waajiri wenye busara wasingoje kusukumwa. Tuamke, ndugu zangu, tuitengeneze njia wakati bado ni mchana.