Mchele wa Goma



Wapendwa, sisi wa Holili tunaishi na mpaka mlangoni. Malori yanavuka kwenda na kutoka Taveta, na njia za panya tunazijua hata gizani. Kwa hiyo habari za Mwenyeheri Floribert Bwana Chui zinatuhusu kuliko parokia nyingine nyingi.

Kijana huyu wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma, mashariki ya Kongo. Mwaka 2007 alishawishiwa kwa rushwa apitishe mchele ulioharibika. Alikataa. Mwezi Julai alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma.

Kanisa limemtambua kuwa shahidi wa imani. Hakuuawa akihubiri, aliuawa kwa ajili ya mchele, yaani kwa ajili ya walaji ambao asingewajua kamwe. Basi anayesema dini ibaki kanisani na boda ibaki boda (na husemwa hapa kwetu, tena na wanakwaya) atafakari jambo hilo.

Wala simfikirii afisa wa forodha peke yake. Afisa mwaminifu akikagua mzigo ipasavyo, sisi wenye mali tunamnung'unikia kwa kutuchelewesha, na ndugu zake wanamwita mjinga kwa kuwa bado hajajenga. Kama yupo mtu wa namna hiyo katika jumuiya yenu ndogondogo, mmekwenda lini kumtia moyo?