Watu wanane si kikundi

Mwalimu wa fizikia anasema, "Haya, jipangeni kwa vikundi." Watu wanane wanabanana kwenye dawati moja. Mmoja, yule wa maksi, anashika kalamu. Wawili wanachungulia. Waliobaki wanapiga stori za mechi ya jana. Kipindi kikiisha, karatasi ina majina manane na eti wote wamejadiliana.

Hayo si majadiliano. Majadiliano yanataka swali linalogawanya watu. Mfano: umerusha mpira juu. Ukifika juu kabisa, kabla haujaanza kushuka, kuna nguvu yoyote inayouvuta? Wengi watasema hakuna, si umesimama? Lakini mvutano wa dunia haujaenda popote, uko vilevile.

Sasa kila mmoja aandike jibu lake kwanza, peke yake. Kisha watatu au wanne wabishane. Eric Mazur, profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha kwa mtindo huu mwaka 1991, tena katika ukumbi uliojaa wanafunzi. Kwa hivyo hoja ya kwamba madarasa yetu ni makubwa mno haitoshi. Kumgeukia jirani hakuhitaji chumba kipya.

Hata yule wa maksi anafaidika, kwani ukimweleza mtu asiyekubaliana nawe, utajua haraka kama ulielewa au ulikariri tu. Mwalimu naye asikimbilie kutoa jibu. Azunguke, asikilize. Akisikia vikundi vitatu vikisema "umesimama, kwa hivyo hakuna nguvu," atajua pa kuanzia.