Kazi ya Likizo kwa Mwanafunzi wa Banissa

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, vijana hurejea Banissa kutoka shule za bweni za Takaba, Mandera, Wajir na hata Garissa. Hazipiti siku nyingi kabla ya kuonekana wakienda duka kwa duka, wakiulizia kazi ya wiki mbili au tatu. Mwenye duka humtazama kijana na kumwuliza amewahi kufanya kazi wapi. Kijana hujibu kwamba hajawahi, huinamisha kichwa, na shauri huishia hapo.

Zamani jambo hili halikuwa zito. Katika nchi ya mifugo kama Banissa, karo ya shule ilitembea kwa miguu yake mwenyewe: mzazi alipeleka mbuzi kadhaa mnadani, au ngamia mmoja dume, na mtoto akapanda lori na sanduku lake. Lakini kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika wilaya kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 zilirudisha majani, na mahali pengine zikaleta mafuriko. Majani hurudi kwa wiki chache. Ngamia harudi hivyo. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, na ndama wake huhitaji miaka kama mitano kabla ya kuzaa yeye mwenyewe. Mzazi aliyepoteza nusu ya kundi katika ukame ule hawezi kuwa amelirudisha, na watoto waliokuwa darasa la tano wakati ule sasa wako katika shule za sekondari. Kwa hiyo kijana anayeulizia kazi mbele ya duka huenda anatafuta nauli ya kurudia shuleni, na akiikosa hatarudi.

Yafaa basi kulitazama tena swali la mwenye duka, kwani mara nyingi kijana halisikii linavyoulizwa. Mwenye duka ajua vizuri kwamba mwanafunzi hana barua ya mwajiri mwingine. Anachotaka kujua ni kama kijana huyu atafika asubuhi kabla ya wateja, kama hesabu ya jioni italingana na pesa zilizomo sandukuni, na kama likitokea kosa atalisema au atalificha. Mwanafunzi hudhani anaulizwa habari za vyeti, naye anaulizwa habari za uaminifu. Aliyeelewa hilo hujibu namna nyingine.

“Umewahi kufanya kazi wapi?”

“Bado sijaandikwa mahali, mzee. Lakini tangu darasa la tano nachunga mbuzi wa baba kila likizo. Jioni nawahesabu zizini, na wakiuzwa mnadani mimi ndiye ninayeandika bei.”

“Waliwahi kukupotea?”

“Wawili, mwaka wa ukame. Nilimwambia baba usiku ule ule.”

Mwenye duka akisikia jibu hilo la mwisho, amekwisha kupata alilokuwa akilitafuta. Ni ajabu kwamba vijana wengi huona haya kuutaja uchungaji mbele ya watu wa mji, kana kwamba kukesha na wanyama wa thamani ya maelfu ya shilingi kwenye nchi yenye fisi si kazi. Mtoto wa mjini mwenye umri ule ule hajawahi kukabidhiwa mali ya kiasi hicho.

Tena kuna ndimi zake. Kijana wa Banissa mara nyingi hukua akisikia Kisomali na Kiborana nyumbani na sokoni, kisha akafundishwa Kiswahili na Kiingereza shuleni. Dereva wa lori atokaye Nairobi huenda hana ila Kiswahili. Mfanyabiashara wa mifugo, mzee wa bomani na dereva huyo wakikutana juu ya bei ya kupakia, anayeweza kuwafasiria wote watatu bila kuongeza neno lake mwenyewe ana kazi ya siku ile, na ikiwa amefasiri kwa haki ataitwa tena.

Kazi nyingine zaenda na majira, na mwanafunzi mwenye akili huzifuata kama mifugo ifuatavyo mvua. Agosti ni kiangazi. Maji huwa haba, na kwenye visima vya mashine wanyama hunyweshwa kwa zamu. Hapo huhitajika mtu wa kuandika zamu na kupokea malipo, na mtu huyo asiwe wa upande mmoja tu, la sivyo ugomvi huanza kabla ya saa sita. Likizo ya Aprili huangukia masika, na huko kaskazini kando ya mto Daua, ambao ndio mpaka wa Kenya na Ethiopia, mashamba ya vitunguu, mahindi, ndizi na matikiti hutaka mikono. Kazi ya jembe haiulizi ujuzi mwingi. Lakini kijana anayejua kupima na kuandika, kama vile magunia mangapi yametoka shamba gani na yamepakiwa gari gani, hupata pia kazi ya kivulini.

Maduka ya kutuma na kupokea pesa kwa simu yataka tahadhari kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kazi hii imewapa vijana wengi wa Kenya nafasi yao ya kwanza nyuma ya meza. Mgeni asitarajie kukabidhiwa namba ya siri siku ya kwanza, wala asikasirike akinyimwa. Aanze kwa kupanga bidhaa, kuhesabu akiba na kuandika daftari. Shilingi elfu tano zikitumwa kwa namba isiyo yake, ni shida kubwa kuzirudisha, nao matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa humtafuta hasa mfanyakazi mgeni.

Kwa wasichana njia ni nyembamba zaidi. Mzazi hapendi binti yake akae dukani kwa mtu baki mpaka usiku, na katika hilo hana lawama. Hata hivyo biashara ya maziwa ya ngamia iko mikononi mwa akina mama, vivyo hivyo vikundi vya kuweka akiba, na vingi vyao vina daftari iliyojaa alama ambazo mtunza hazina peke yake ndiye azielewaye. Msichana wa kidato cha tatu akiwapangia hesabu zao akina mama kumi na watano, kila mmoja kwa ukurasa wake, hufanya jambo la maana, na hufanyia nyumbani kwa shangazi yake.

Serikali nayo huleta kazi za muda, ingawa kwa nadra. Kwa ile hesabu ya watu ya Agosti 2019 walitafutwa vijana wenyeji waliosoma, na kwa mara ya kwanza nchini Kenya waliandika majibu kwenye vyombo vya umeme badala ya karatasi. Uchaguzi mkuu huhitaji makarani, na Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Banissa yenyewe ilipata uchaguzi mdogo tarehe 27 Novemba 2025, baada ya kukaa bila mbunge tangu mwezi wa Machi 2023. Wakati huo shule zilikuwa zimefungwa, na watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa wametoka tu kwenye mtihani wao.

Lakini kazi hizi zote zataka kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa wilaya za mpakani walisimamishwa mbele ya kamati za kuwachunguza kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo mwenzao wa Nyeri au Kisumu hakulijua, na wengine walipitwa na kazi na nafasi za vyuo wakiwa bado wanangoja. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa uchunguzi huo wa pekee. Kijana atimizaye miaka 18 asingoje tangazo la kazi ndipo aende ofisini kuandikishwa. Matangazo ya namna hiyo hukaa siku chache tu ukutani.

Sasa kuna kazi moja ambayo haimngoji kijana aitafute, yenyewe humwita. Nayo ni ualimu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Shule zilipofunguliwa mwaka 2015 walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi kaskazini mashariki. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa wengi wasio wenyeji. Madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu. Bodi za shule zikafanya ziwezalo: zikawaita vijana waliomaliza kidato cha nne. Aliyekuwa akikaa kwenye dawati mwezi wa Novemba alijikuta mwezi wa Januari ameshika chaki, mbele ya watoto sitini.

Hakuna mtu mwenye haki atakayewadharau vijana wale. Bila wao shule nyingi zingefungwa milango kabisa. Hata hivyo ni lazima lisemwe wazi: kazi hii ndiyo rahisi kuliko zote kuipata bila ujuzi, na ndiyo ghali kuliko zote kwa anayeipata. Malipo yake hutoka kwenye mfuko wa bodi na michango ya wazazi, na mwaka wa ukame mfuko huo huwa mtupu. Kijana huitwa mwalimu, watoto humwamkia njiani, na mshahara mdogo unapokuja anaweza kumnunulia mama yake sukari na majani ya chai. Ni tamu. Muhula mmoja huwa mwaka, mwaka huwa mitatu, na nafasi ya chuo aliyokuwa nayo imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Kisha mwalimu aliyefuzu huletwa, na yeye hana cheti wala kazi. Watoto nao wamefundishwa hesabu na mtu ambaye huenda hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Sheria ya Tume hiyo ya mwaka 2012 yataka kila afundishaye awe amesajiliwa. Mwanafunzi aliye bado shuleni asishawishiwe hata kidogo. Tena masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kwa yule aliyemaliza na anangojea kuitwa chuoni, ni afadhali aombe kuwa msaidizi chini ya mwalimu mwenye cheti: kutunza vitabu, kuita majina, kuwasikiliza wadogo wakisoma. Na ikiwa moyo wake umependa chaki, viko vyuo vya ualimu Garissa na Mandera. Miezi michache ya kusaidia darasani itamwonyesha kama kweli ameipenda, nayo ni faida asiyoweza kuipata dukani.

Katika kazi yoyote, mapatano yafanywe siku ya kwanza, mbele ya mtu wa tatu. Vijana wengi hunyamaza juu ya ujira kwa heshima, hasa mwajiri akiwa ni mjomba au rafiki wa baba, na mwisho wa likizo hupewa shati. Heshima haizuii kuuliza. Yatosha kusema, “Mzee, baba angependa kujua tutakavyopatana,” na mzee hatakasirika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku, na aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Sheria hiyo hiyo imekataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13; mwenye miaka 13 hadi 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Kuchimba visima na kupakia mawe kwenye malori si kazi nyepesi, hata kama mtoto mwenyewe ajivunia nguvu zake.

Mdhamini naye ana sehemu yake. Katika mji mdogo mwajiri hasomi barua ya maombi. Humwuliza imamu, chifu au mwalimu mkuu. Mwanafunzi amwendee mmoja wao kabla ya kumwendea mwenye duka, amweleze kazi anayoitaka na siku atakazokuwapo.

Na siku hizo zitajwe zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Waajiri wengi huwakataa wanafunzi kwa sababu mmoja aliwahi kutoweka usiku wa kuamkia siku ya shule, akaacha daftari wazi na ufunguo mfukoni mwake. Mwenye kusema mapema, “Nitaondoka tarehe fulani, na wiki ya mwisho nitamwonyesha mdogo wangu namna ya kuandika daftari,” humwondolea mwajiri wasiwasi huo. Jioni ya mwisho huhesabu pesa pamoja na mwenye duka, wote wawili hutia sahihi chini ya ukurasa, ufunguo hurudishwa, na asubuhi yake hupanda lori la Takaba pamoja na sanduku lake.