BWANA MKUBWA, MATUMBAWE SIYO MAUA YA SEBULENI!

Wadau, ile video wengi mmeshaiona, na kama hujaiona basi uliishiwa bando wiki nzima. Staa mkubwa wa muziki, yule wa mjengo wa ghorofa upande wa baharini, kasimama kifua wazi sebuleni, cheni tatu shingoni, nyuma yake tenki la samaki la mita tatu. Anasema tenki la samaki watupu limemchosha, eti siku hizi hata kwenye saluni yapo. Kwenye bethidei yake anataka "bahari kamili": matumbawe hai, rangi zote, na kazi iishe ndani ya wiki mbili. Machawa wakalipuka kwa vimoto na makofi. "Hela ina kelele baba!" akaandika mmoja, akapata laiki kuliko watu wanaoandika vitu vya maana.

Wiki mbili!

Hata anayefuga kuku wa kisasa huwa hapangi mambo yake hivyo. Tenki la maji chumvi lililozoea samaki peke yao halibadiliki kuwa tenki la matumbawe kwa kuamka na kuamua. Kuna watu Ulaya na Marekani wamefanya kazi hiyo kwa miezi sita, wengine mwaka, na bado wanapoteza vitu. Huyu kataka iwahi keki.

Hebu tenki lenyewe lielezwe, maana hapo ndipo penye utamu. Lina karibu lita 2,000. Ndani yake kulikuwa na vikande watatu, bunju mmoja mnene aliyekuwa kipenzi cha watoto wa mjengoni, vipepeo wa njano na mkunga aliyekuwa akichungulia kwenye jiwe kama mwenye nyumba anayedai kodi. Samaki wazuri, hakuna anayebisha. Ila waangalie kazi zao baharini. Kikande ana meno ya kuvunjavunja kaa na konokono. Bunju ana mdomo kama koleo, anatafuna hata tumbawe lenyewe. Vipepeo wengi ndio kabisa, matumbawe ni chakula chao cha kila siku. Kuwawekea matumbawe samaki hao ni sawa na kumfungia mbuzi kwenye shamba la mchicha halafu ukapige picha mchicha ukikua.

Aliyekuwa akilitunza tenki hilo ni dogo mmoja wa Kigamboni. Kamaliza form four, kazi ya samaki kajifunza mwenyewe kwa kuangalia video usiku bando likiwa la bei rahisi. Miaka miwili tenki halikuwahi kunuka. Mwaka jana samaki walipata ugonjwa wa madoa meupe, ule unaowafanya waonekane kama wamemwagiwa chumvi ya mezani. Dogo akawatibu kwa dawa ya shaba, akipima maji asubuhi na jioni, wakapona wote. Hapo bosi alimposti, akamwita daktari.

Sasa dawa hiyo ndiyo kiini cha msala. Samaki anaivumilia shaba ikipimwa sawasawa. Konokono, kaa, kamba na matumbawe hawaivumilii, kwao ni sumu. Na haiondoki yote kwa kubadilisha maji. Mawe na mchanga vinaivuta na kuihifadhi, halafu vinaiachia kidogokidogo, kwa miezi. Mtu anayetaka matumbawe kwenye tenki lililowahi kutiwa shaba anatoa mchanga wote, anatoa mawe, anaanza upya na kupima hadi kipimo kisome sifuri.

Kwenye ile sauti iliyosambaa magrupu ya WhatsApp, dogo anasikika akisema hayohayo, kwa adabu zote: "Braza, shikamoo. Naomba tusubiri kwanza, hili tenki lina dawa ndani ya mawe. Tukiweka matumbawe yatakufa." Jibu likaja fasta: "Wewe dogo unalipwa kusafisha vioo, hulipwi kufikiri." Hata shikamoo haikuitikiwa.

Tuachane na shaba kidogo, maana hata bila shaba kazi ilikuwa haijaanza. Tumbawe siyo jiwe, wala siyo ua. Ni wanyama wadogo wadogo kwa mamia na maelfu, wameshikana na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao kunaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao unatumia mwanga kutengeneza chakula na kumlisha mwenyeji wake. Ndiyo maana matumbawe mengi yanataka mwanga mkali sana. Taa zilizokuwa juu ya tenki la bwana mkubwa zilikuwa za kumulika samaki wapendeze kwenye video, basi. Kuna rangi ya zambarau ilipendeza kweli, ila tumbawe haliishi kwa kupendeza.

Maji nayo ni stori nyingine. Samaki wakila wanakunya, na uchafu ule mwishoni unageuka naitreti. Samaki wanaweza kuishi kwenye maji yenye naitreti miligramu 40 au 50 kwa lita bila kulalamika. Wafugaji wa matumbawe wanaitaka iwe chini ya 10. Halafu kuna kalsiamu, inayotakiwa kuwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwa sababu ndiyo tofali la nyumba ya tumbawe, na inapungua kila siku kadiri linavyojenga. Joto lisipande ovyo, nyuzi 25 au 26 hivi ni salama. Maji yakipungua kwa kukauka unaongeza maji baridi yaliyochujwa, siyo ya chumvi tena, maana chumvi haikauki. Na umeme ukikatika pampu zinasimama, hewa inaisha. Mjini hapa umeme unakatika hata siku ya fainali, kwa hiyo bila betri ya akiba mtu asijidanganye.

Bwana mkubwa alikuwa na nini kati ya hivyo? Alikuwa na mpiga picha.

Matumbawe yenyewe yakaja usiku. Video ya pili inaonyesha ndoo sita zikishushwa kutoka kwenye boti, muziki umewekwa juu, wapambe wanacheka. Ndani ya ndoo kuna matumbawe ya matawi, ya pinki na ya kijani, mengine ya mviringo makubwa kama mpira wa miguu, chini yakionekana yamebanduliwa kwa mtarimbo. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, hapohapo mbele ya Dar, ni maeneo tengefu ya bahari, na matumbawe ya humo hayaguswi. Hata nje ya maeneo hayo, matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, ndiyo maana huwezi kuyabeba tu kwenye begi ukapanda nayo ndege. Lakini ukiwa na wafuasi wengi kuliko wakazi wa mkoa, nani atakusimamisha ufukweni saa sita usiku?

Lile la mviringo sasa. Matumbawe ya aina hiyo yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, mengine hata hiyo hayafikishi. Likifika ukubwa wa mpira, limekaa hapo zaidi ya miaka kumi. Lilikuwepo bwana mkubwa akiwa bado anapanda daladala kwenda studio ya kuazima. Limepona mawimbi, limepona joto, limepona mabomu ya wavuvi haramu waliolipua pwani hii kwa miaka mingi. Halafu likaja kubanduliwa kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja.

Siku ya tatu ikaja ile picha iliyovunja rekodi. Matumbawe yamegeuka meupe, meupe pee, kama yamepakwa rangi ya ukuta. Chini yake kaandika: "White party, level nyingine." Laiki kama mvua. Dada mmoja wa mjini, yule anayeuza nywele, akaandika kwamba hayo meupe ndiyo makali kuliko yote na anataka ya kwake ya hivyohivyo.

Jamani. Tumbawe likiwa jeupe hivyo limemfukuza yule mwani anayelilisha. Linakufa kwa njaa, hadharani, mbele ya kamera. Ni hali ileile iliyopiga Bahari ya Hindi mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi kuanzia Kenya, Tanzania, hadi visiwa vya mbali huko. Watu wa pwani wanaukumbuka mwaka ule. Mjini watu waliona pambo wakagonga laiki.

Wiki haikuisha, tenki likaanza kunuka. Vitu vinavyooza ndani ya maji vinatoa amonia, na amonia haina urafiki na samaki. Vipepeo wakatangulia, vikande wakafuata. Bunju aliyepona ugonjwa mwaka jana akakutwa anaelea tumbo juu asubuhi ya siku ya bethidei, watoto wakiwa wameshaamka. Wageni walipofika jioni, tenki likafunikwa kwa pazia la dhahabu lenye jina la mwenye nyumba. Kesho yake dogo wa Kigamboni akafukuzwa, na kwenye lile dirisha la saa ishirini na nne ikatupiwa posti kwamba kuna "mhujumu" aliyelipwa na timu pinzani amwage sumu. Mashabiki wakaitafuta akaunti ya dogo, wakamtukana yeye na mama yake. Akaifunga.

Watetezi nao wana yao. Wanasema ni hela yake, nyumba yake, samaki wake. Nyumba sawa, na tenki sawa. Matumbawe hayakuwa yake. Miamba inachukua chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaitegemea. Tasi, changu na pono wanaopangwa mezani pale Feri wanaitegemea. Mvuvi wa ngalawa anayerudi na samaki wanne badala ya ishirini hana sebule ya kuposti.

Wanasema ni wivu. Haya, na iwe wivu, ila wivu haumgeuzi samaki tumbo juu.

Wengine wanasema mbona wazungu wanafuga matumbawe majumbani na wanasifiwa. Hapa kuna hoja, na ijibiwe kwa heshima. Kufuga matumbawe siyo dhambi. Anayefanya vizuri anajifunza kitu ambacho shule nyingi hazifundishi. Lakini wengi wao siku hizi hawabandui mwamba. Tumbawe linaweza kukatwa kipande kidogo kama kidole, kikagundishwa kwenye jiwe, kikakua kuwa tumbawe zima, kama mtu anavyopanda kipande cha muhogo. Wanauziana vipande hivyo, wanapeana. Njia hiyohiyo inatumika kurudishia miamba iliyoharibika; pale Wasini, pwani ya Kenya, wanakijiji wenyewe wanapandikiza matumbawe baharini. Staa mwenye uwezo wa kukodi boti usiku angeweza kwenda kwa watu kama hao mchana, kamera zikiwashwa, akalipia fremu mia za vipande na kuziita jina lake. Kiki angepata. Angepata na heshima, kitu ambacho pazia la dhahabu halijawahi kumletea mtu.

Na tenki lake angeliacha kwa dogo. Angewatafutia vikande na bunju tenki lingine, akatoa mawe yenye shaba, akaweka taa zinazofaa, akasubiri. Angeanza na matumbawe laini yanayovumilia makosa, moja moja, akiangalia. Baada ya mwaka angekuwa na kitu ambacho hata wageni wa nje wangekiposti. Gharama yote hiyo haifiki rimu za lile gari jeusi.

Tena kuna kitu watu wamekisahau haraka. Huyuhuyu bwana ndiye aliyepanda jukwaani ufukweni siku ya usafi wa mazingira, kavaa fulana ya kuokoa bahari, akalipwa, akawaambia watoto wa shule za msingi bahari ni mama yao. Fulana ile bado ipo kwenye ukurasa wake, ukishuka chini kidogo. Mfuko wa plastiki aliokota mmoja, na uliokotwa mara tatu ili picha itoke vizuri.

Kwa habari zilizopo, tenki limeshaoshwa kwa dawa ya choo na ndani yake yamepangwa matumbawe ya plastiki yanayowaka kwa rimoti. Ndoo sita zipo nyuma ya banda la jenereta, mifupa myeupe imejaa ndani, mlinzi anazitumia kuzuia geti lisigonge. Machawa wanasubiri video mpya.

Dogo wa Kigamboni anadai mshahara wa mwezi mmoja na nusu, pamoja na hela ya vipimo vya maji alivyonunua mfukoni mwake. Namba yake bwana mkubwa anayo, ni ileile aliyoipigia saa nane usiku mwaka jana samaki walipougua.